Toa turubai kwanza, ndipo tuzungumze dawa

*"Shikamoo daktari. Niko Tabata. Nina kuku wa mayai 90, wana miezi minane, kwenye banda la mita 3 kwa 4 lililoegemea ukuta wa fensi. Mwanzoni nilikuwa naokota trei mbili na nusu kwa siku, sasa sifikishi hata trei moja na nusu, na mengine yana ganda laini. Asubuhi wanakohoa na kupiga chafya, macho yanatoa machozi, wengine wamefumba jicho moja. Wanadonoana mpaka damu, na wanne wameshakufa. Tangu masika ianze nimezungushia turubai pande zote, juu hadi chini, ili wasipigwe baridi na jirani asisikie harufu. Usiku nawaachia taa ili waendelee kula. Kwenye duka la dawa za mifugo wamenipa antibayotiki mara tatu. Kila nikiwapa wanapata nafuu siku mbili tatu, kisha wanarudia. Shemeji anasema nijenge vizimba vya waya, mama mkwe anasema niwafungulie uani wachakure. Jirani ameshasema atanipeleka serikali ya mtaa. Nifanye nini, au niuze wote?"*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Kufuga kwenye kiwanja cha Dar es Salaam, ukuta kwa ukuta na jirani, kunataka moyo, na naona wewe umejitahidi. Kikohozi, kudonoana, mayai kupungua na ugomvi na jirani vinaonekana mambo manne, lakini sehemu kubwa ya majibu yako imo katika neno ulilolipitia haraka: turubai pande zote, juu hadi chini. Sisemi kwamba kuku wako hawana ugonjwa. Huenda wanao, na nitakueleza namna ya kuujua. Ninachosema ni kwamba hata kama wanao, hakuna dawa itakayowaponya wakiwa ndani ya banda hilo jinsi lilivyo leo.

Tuanze na baridi, maana ndiyo iliyokufanya ufunge. Kuku mkubwa ana joto la mwili la karibu nyuzi 41, na juu yake amevaa manyoya. Usiku wa baridi kabisa hapa kwetu, Julai au Agosti, joto hushuka mpaka nyuzi 18 au 19 hivi. Hiyo wewe unajifunika shuka la pili, lakini kwa kuku mwenye manyoya kamili ni hali nzuri kabisa. Vifaranga ndio wanaohitaji kukingwa, kwani wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 34. Nadhani ushauri wa kufunga banda ulitoka huko, ukaendelea kufuatwa mpaka kuku wakawa wakubwa. Kuku mkubwa wa Dar anasumbuliwa na joto kuliko baridi, kwa sababu hana tezi za jasho. Njia yake kuu ya kupoa ni kuhema mdomo wazi na kuachanisha mabawa, na kuhema hakumsaidii sana kama hewa inayomzunguka imeshajaa unyevu.

Na yako imejaa. Kuku wa mayai hunywa kama robo lita ya maji kwa siku, na siku ya joto huzidisha. Piga hesabu ya kuku 90: ni zaidi ya ndoo nzima ya lita 20 kila siku. Lita chache zinaondoka na mayai. Yote yaliyobaki yanatoka kwenye pumzi na kinyesi, ndani ya mita 12 za mraba, na wewe umefunga njia zote. Ndoo ya maji kila siku, kwa wiki kadhaa, yatakwenda wapi kama si kwenye maranda na kwenye mapafu yao?

Sasa angalia kinyesi cha kuku kwa karibu. Utaona sehemu ya kahawia au kijani, na juu yake kofia nyeupe. Ule weupe ni mkojo wake: kuku hakojoi maji kama sisi, hutoa asidi ya yuriki iliyo kama uji mzito. Ikikauka haraka haina shida. Ikikaa kwenye maranda yaliyoloa, na joto letu hili, bakteria wanaishambulia na kuigeuza kuwa hewa ya amonia. Ndiyo ile harufu inayokata pua. Amonia inapenda maji, kwa hiyo inakwenda kuyeyuka popote penye ubichi: kwenye jicho, kwenye koo, kwenye bomba la pumzi. Kule inaunguza. Jicho linatoa machozi, kisha linafumba kwa sababu mwanga unaliuma. Kuku anayesimama kwenye kona akijikuna jicho kwa bega la bawa, kila baada ya muda mfupi, macho yake yameungua.

Madhara ya kwenye bomba la pumzi huyaoni, na ndiyo makubwa. Ndani ya bomba lile kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia vumbi na vijidudu kuvirudisha juu, saa zote. Amonia inavilemaza. Vikisimama, bakteria ambao siku zote wapo kwenye vumbi la banda wanashuka mpaka kwenye mapafu na kwenye vifuko vya hewa, na hapo kikohozi kinaanza. Ndiyo maana antibayotiki imekupa nafuu ya siku mbili. Inawaua bakteria waliokwisha kuingia, lakini mlango uko wazi na wengine wanaingia. Ukirudia mara ya tatu na ya nne unabakiwa na bakteria wale waliozoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli haitakusikia. Naomba uache sasa hivi mpaka mtu aliyesomea amewaona. Tena, soma kibandiko cha ile uliyowapa: utakuta muda wa kusubiri kabla ya kula au kuuza mayai na nyama, na baadhi ya dawa haziruhusiwi kabisa kwa kuku anayetaga. Kama muda huo haujaisha, mayai hayo usile, usiuze.

Utaniambia, "Daktari, mbona mimi nikiingia harufu si kali hivyo?" Pua ya anayeingia bandani kila siku huzoea. Katika hili pua ya jirani yako ni ya kuaminika kuliko yako. Isitoshe wewe unasimama, kuku anaishi karibu na sakafu ambako amonia inatengenezwa. Kesho alfajiri, kabla hujafungua chochote, ingia uchuchumae mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kuku, kisha vuta pumzi taratibu. Macho yakikuwasha, hewa hiyo haifai. Kiwango tunachoshauri kisizidiwe ni sehemu 25 za amonia katika milioni moja ya hewa, na binadamu akianza kuwashwa macho mara nyingi kiwango hicho kimeshapitwa. Ukiwa humo, chota maranda mkono mmoja uyafinye. Yakishikana donge, yameloa mno. Yakipeperuka vumbi, yamekauka mno. Yanayofaa hushikana kidogo, ukifungua mkono yanaachia.

Kuna kosa naliona Dar nzima, na nina hofu utashauriwa ulifanye: kumwaga chokaa juu ya maranda mabichi ili kuua harufu. Chokaa inalazimisha amonia iliyojificha kwenye unyevu itoke yote kwa pamoja. Kuku wakiwa ndani, unawaunguza zaidi. Chokaa ni ya sakafu tupu, banda likiwa limeshafagiliwa na kuku wako nje.

Mayai nayo yana habari yake. Ganda la yai karibu lote ni kalisi iliyoungana na kaboni, na kaboni hiyo kuku anaipata kwenye hewa ukaa iliyomo kwenye damu yake. Akihema kutwa nzima kwa joto, anaipuliza yote nje. Damu inabadilika, malighafi ya ganda inapungua, na yai linatoka laini hata kama chakula kina chokaa ya mifugo na mifupa ya kutosha. Kwa hiyo usikimbilie kuongeza chokaa hiyo kwenye chakula kabla hujapunguza joto. Pia kuku anayesikia joto anakula kidogo, na anayekula kidogo anataga kidogo. Taa ya usiku kucha haimwongezei hamu, inamnyima usingizi tu. Kuku wa mayai anahitaji saa 14 hadi 16 za mwanga. Jua letu linatoa kama 12, basi washa saa kumi usiku mpaka kupambazuke, na jioni giza likiingia waache walale. Taa iwe hafifu. Mwanga mkali ni moja ya sababu za kudonoana.

Na kudonoana kwenyewe, usikubali mtu akuambie una kuku wenye roho mbaya. Kuku huishi kwa kuchakura. Muda mwingi wa mchana mdomo wake unatafuta. Ukimweka mahali pa joto, pamebanana, maranda yamegandamana hayachakuriki, mdomo ule utatafuta kwenye mgongo wa mwenzake. Damu ikionekana mara moja, wote wanaifuata. Leo hii watoe wote wenye vidonda, waweke pembeni, wapake jivii, ile dawa ya zambarau. Inakausha kidonda, na inaficha wekundu unaowaita wengine. Wasirudi mpaka wamepona. Funga mashada ya mchicha au majani mengine mabichi yaning'inie usawa wa vichwa vyao, wapate cha kudonoa. Angalia pia chakula: cha watagaji kinatakiwa kuwa na protini ya asilimia 16 hadi 18. Ukichanganya mwenyewe na ukapunguza dagaa au mashudu kwa sababu ya bei, manyoya ya wenzao ndiyo yatakayofidia. Kukata midomo kuku wakubwa namna hii sikushauri. Kunawaumiza sana na kunawapunguzia kula, wakati chanzo bado kipo.

Sasa kazi. Jioni hii fungua turubai upande wa juu, pande zote mbili ndefu, liachie chini tu kama sentimita 60 kutoka sakafuni. Hewa ya moto yenye amonia na unyevu hupanda, basi njia ya kutokea iwe juu. Mafundi wengi hufunga turubai juu likaning'inia kama pazia la dirishani, mvua ikija wanalishusha na banda zima linaziba. Geuza. Lipigilie misumari chini, juu liwe na kamba ya kulivuta. Mvua ya upepo ikija unalipandisha, lakini bado unaacha nafasi ya mkono mzima chini ya bati. Mvua ikikatika, unalishusha.

Umesema banda limeegemea ukuta wa fensi. Hilo linaniumiza kichwa, kwa sababu upande huo haupumui kabisa. Kwetu pwani pepo ziko mbili, kaskazi kutoka kaskazini mashariki na kusi kutoka kusini mashariki. Banda likilala mashariki-magharibi, na pande zake ndefu zikatazama kaskazini na kusini, linapata pepo zote mbili na jua la asubuhi na jioni haliingii ndani. Sikuambii ubomoe. Lakini kama ukuta wa nyuma wa banda ni wa tofali, toa safu za juu uweke wavu, na kama unaweza kulisogeza mita moja kutoka kwenye fensi, gharama hiyo ina faida kuliko vizimba anavyokushauri shemeji. Bati tupu nalo linashusha joto kali saa sita mchana. Tandika makuti juu yake, au lipake chokaa nyeupe, utaona tofauti wiki hiyo hiyo.

Maranda yaliyoloa toa yote, siyo kuongeza mapya juu. Fanya asubuhi, vaa barakoa, na kuku wahamishie upande mwingine au uani kwa saa chache, kwa sababu ukifukua amonia itatoka kwa nguvu. Tia kwenye viroba siku hiyo hiyo. Wakulima wa mchicha wa mabondeni wanainunua mbolea hiyo. Weka maranda makavu ya kina cha sentimita 8 hadi 10, au pumba za mpunga kama ndizo unazopata. Kisha uchunguze vyombo vya maji, kwani mara nyingi ubichi wote unaanzia hapo. Viinue juu ya tofali, ukingo uwe usawa wa mgongo wa kuku, na chini yake weka fremu ya wavu ili maji yanayomwagika yasifike kwenye maranda. Pitisha reki mara mbili kwa wiki, na popote pameloa pachote utupe.

Halafu idadi. Kuku 90 kwenye mita 12 ni saba na nusu kwa kila mita ya mraba, na bado hujatoa nafasi ya viota na vyombo. Kwa joto letu mimi nashauri watano, nikilegeza sana sita. Banda lako ni la kuku 60 hadi 70. Najua hilo halifurahishi kulisikia, lakini kuku 60 wanaotaga vizuri watakupa mayai mengi kuliko unayookota sasa, na watakula chakula cha kuku 60. Wa kuondoa wachague kwa mkono: mshike kuku, gusa mifupa miwili midogo iliyo pembeni mwa njia ya haja. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati yake, na njia yenyewe ni pana na ina ubichi, huyo anataga. Kidole kimoja kikipita kwa shida, na upanga wa kichwani umesinyaa na kupauka, huyo anakula bure. Ila wiki hii usiuze hata mmoja, kwa sababu nitakayokueleza muda si mrefu.

Shemeji ana hoja. Vizimba vya waya vinatenganisha kuku na kinyesi chake, mayai yanakuwa safi, na kudonoana ni rahisi kukudhibiti. Lakini ni ghali, kinyesi kinachorundikana chini yake kinatoa amonia ile ile kama hukizoi, na kuku hachakuri, haogi vumbi, mifupa yake inadhoofika kwa kukosa kutembea. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu vya namna hiyo mwaka 2012. Kwa kuku 60 sioni haja. Mama mkwe naye hakosei kuhusu kuchakura, ila kuku wa kisasa wa mayai kwenye ua wa Tabata ataliwa na paka, kunguru watamwibia mayai, na bustani ya jirani itakuwa kesi ya pili. Kama una nafasi, zungushia wavu kipande kidogo mbele ya banda wawe wanatoka jioni kwa muda wa saa mbili au tatu. Hapo utakuwa umemsikiliza mama bila kumkosea jirani.

Huyo jirani mwendee kabla hujafukua maranda. Mwambie siku mbili tatu harufu itazidi, kisha itapungua, na umwonyeshe unachokifanya. Ulizia pia sheria ndogo za halmashauri yako kuhusu ufugaji mjini, ili mkifika serikali ya mtaa uwe unajua umesimama wapi. Trei ya mayai mpelekee, ila muda wa kusubiri wa dawa ukiwa umeisha.

Ukifanya haya, macho yanapaswa kuanza kukauka ndani ya siku chache, na kikohozi kupungua ndani ya wiki moja hadi mbili. Mayai huchelewa zaidi, wiki tatu au nne, na huenda yasirudi yote. Kuku ambaye jicho limeshaweka ukungu mweupe anaweza kubaki haoni. Ingia bandani usiku taa ikiwa imezimwa, usimame kimya usikilize. Ukisikia wanakoroma kwa wingi baada ya siku kumi za hewa safi, kuna ugonjwa ndani yake.

Na kuna dalili za kutosubiri hata siku moja: vifo vya ghafla vya kuku wengi, mharo wa kijani, shingo kupinda au miguu kupooza, ambazo huashiria kideri (mdondo); uso kuvimba na pua kutoa uchafu unaonuka, ambayo ni kawaida ya mafua ya kuku; upanga kuwa wa bluu iliyokoza; au mayai yenye ganda la mikunjo na ute mwepesi kama maji. Kuku wanne kufa nawe hujui sababu inanitosha kukuambia umwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wiki hii hii, hata kama kikohozi kimeanza kupungua. Ndiyo maana nimekuambia usiuze: kama ni kideri, kuku mmoja atakayefika sokoni anakwenda kuua mabanda ya watu usiowajua. Akifa mwingine, asiliwe, asitupwe mtaroni. Mweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na barafu, usimgandishe kwenye friza, umpeleke siku hiyo hiyo apasuliwe. Maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari iko hapa hapa Temeke. Kama huwezi kufika, mchimbie shimo refu.

Chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, lakini usiwachanje sasa wakiwa wanaumwa. Panga na daktari akishawaona, na kama itatolewa kwa maji ya kunywa, usitumie maji ya bomba yaliyotoka moja kwa moja, kwa sababu klorini inaua chanjo. Siku atakapokuja mwekee tayari pakiti zote za dawa ulizowapa, hata zilizokwisha, tarehe ulizowapa, na karatasi ya mayai uliyookota siku hadi siku. Asipoziona hizo, naye atalazimika kubahatisha.